Visiwa Vikikimbizana

Ukitaka kuiona Karibiani nzima bila kuhangaishwa na boti na vindege vidogo, subiri Pasaka uende ilipo Carifta. Mwaka 2024 ilikuwa Grenada. Kwetu Pemba ukitaja jina hilo watu hudhani umekusudia Granada ya Hispania. Lakini wangekijua kisiwa hiki wangekionea wivu, kwani kimepachika kungumanga kwenye bendera ya taifa, na haijateremka tangu uhuru wa 1974. Karafuu zetu zilikaa kwenye bendera ya Zanzibar mwezi mmoja na siku chache tu, kuanzia Disemba 1963 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, zikaondoka pamoja na Sultani.

Carifta ni mashindano ya riadha ya vijana, walio chini ya miaka 17 na walio chini ya miaka 20. Yalianzia Bridgetown, Barbados, mwaka 1972, kwa fikra ya Austin Sealy, aliyekuwa rais wa chama cha riadha cha kisiwa hicho. Jina walilitoa kwenye jumuiya ya biashara huria ya Karibiani, ambayo mwaka uliofuata iliwekwa kando ikazaliwa CARICOM. Jumuiya ikafa, mbio zikabaki na jina la marehemu, na hadi leo zinafanyika kila Pasaka kwa zamu, mara kisiwa hiki, mara kile. Sisi Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tuligawana mpaka ndege.

Nilisafiri kutoka London, ninakoishi. Ndege ilijaa wazee wa Kigrenada waliohamia Uingereza ujanani, wanarudi kwao kwa sikukuu, masanduku yamefungwa kamba juu ya kufuli. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza swali ambalo nilidhani ni la kwetu Wete, Pemba, peke yake: "Wewe unakwenda kwa nani?" Nikamwambia sina mtu, nakwenda kutazama mbio. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyepotea sokoni. Kabla ya kufika katikati ya Atlantiki alikwishaniandikia kwenye tiketi yake jina la mwalimu mstaafu anayekodisha chumba, nauli halali ya basi, na onyo kwamba nisikubali kulipa zaidi.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Msafiri ana ruhusa yake, nami niliitumia angani, kisha nikaamua nitafunga siku za uwanjani. Mama yangu alicheka kwenye simu aliposikia kwamba nimevuka bahari kwenda kufunga juani nikitazama watoto wa watu wanakunywa maji.

Uwanja wa ndege una jina la Maurice Bishop. Huyu ndiye aliyeongoza mapinduzi ya tarehe 13 Machi 1979, akaanza kuujenga uwanja huo kwa msaada wa Wakuba, na mwezi Oktoba 1983 akauawa na wenzake wa chama kimoja ndani ya ngome inayotazama bandari. Siku sita baadaye Wamarekani wakavamia, na moja ya sababu walizotoa ni uwanja huohuo. Serikali iliubandika jina lake mwaka 2009. Dereva aliyenipokea hakutaka mazungumzo hayo. "Kila nyumba hapa ina hadithi yake ya mwaka 83," alisema, "na hadithi hazifanani." Mtu wa Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Tukahamia kwenye habari za mbio.

St George's ni mji wa vilima vinavyoshuka hadi majini. Bandari yake ya ndani, wanayoiita Carenage, imejipinda kama kiatu cha farasi, na kutoka hapo unapenya upande wa pili wa mji kwa njia ya chini ya kilima, Sendall Tunnel, iliyochimbwa miaka ya 1890. Njia ni nyembamba, magari na watu wanagawana, na ukikutana na basi ndani unajibandika ukutani na kushika tumbo. Mabasi yenyewe ni daladala zetu zilizohamia: vibasi vyeupe, utingo aliyeegemea mlangoni, muziki wa soka unaotikisa vioo (soka ni ngoma yao, mpira hauhusiki). Hakuna kengele wala kupiga kelele za "shusha". Unagonga bodi kwa vifundo vya vidole, na dereva, ambaye hasikii honi ya lori nyuma yake, huisikia hodi hiyo moja kwa moja.

Kabla ya mbio kuanza nilipanda basi la pwani ya magharibi kwenda Gouyave. Barabara imeng'ang'ania ukingo wa kilima, bahari iko kushoto chini, na abiria wanalaliana kila kona bila kukatiza mazungumzo. Gouyave ni mji wa wavuvi na wa kungumanga. Ndiko anakotoka mkimbiaji Kirani James, aliyezaliwa tarehe 1 Septemba 1992. Akiwa na miaka 18 alishinda ubingwa wa dunia wa mita 400 huko Daegu. Mwaka uliofuata, London, alikimbia kwa sekunde 43.94 na kuipa Grenada medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake. Ilikuwa dhahabu, na serikali ikatangaza mapumziko ya nusu siku. Rio alipata fedha, Tokyo shaba. Mtu mmoja, mbio moja, rangi zote tatu. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika mita 400.

Nilitarajia mji mzima umzungumzie yeye. Nilikuta mji unafanya kazi. Kituo cha kutayarisha kungumanga ni jengo la ghorofa kando ya barabara kuu, na harufu yake inakupokea kabla hujaliona. Wakulima huleta kokwa mbichi, basibasi ikiwa imekwishabanduliwa. Kokwa huanikwa ndani, kwenye trei za mbao zilizopangwa ngazi kwa ngazi, na hugeuzwa kwa reki kwa wiki sita hadi nane mpaka uitikisapo moja usikie kiini kinagonga ganda. Kisha huvunjwa kwa mashine na kuchambuliwa kwa mkono. Nilisimama nyuma ya mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kiti kifupi, trei mapajani. Macho yake yalikuwa kwangu, yananihoji natoka wapi, huku vidole vikiendelea kutupa mbovu kulia na nzima kushoto bila kukosea. Nzima humwagwa kwenye pipa la maji. Nzito huzama, nyepesi huelea na kuondolewa. Zilizozama hukaushwa, hutiwa kwenye magunia, na jina la bandari ziendako hupigwa kwa rangi nyeusi.

Nilimwambia kwetu karafuu tunaanika uani kwenye majamvi, mvua ikinyesha nyumba nzima inakimbia. Akauliza mkarafuu unachukua muda gani kuzaa. Nikamjibu, kisha nikauliza na mimi. Hapo akaacha kuchambua. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kilipita juu ya kisiwa hiki, kikaharibu nyumba tisa katika kila kumi na kulaza chini sehemu kubwa ya mikungumanga. Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa zao hilo, nyuma ya Indonesia. Mkungumanga mchanga unataka miaka kadhaa kabla ya kukupa chochote, na wazee wengi hawakuona sababu ya kupanda tena. Ghorofa ya juu ya kituo siku ile trei nyingi zilikuwa tupu. "Zamani," alisema, "usingepata pa kusimama."

Ijumaa Kuu kisiwa kililala. Maduka yalifungwa, mabasi yakapungua, na juu ya kila kilima kukawa na tiara. Pasaka ya Grenada ni msimu wa tiara kama ulivyo upepo wa kaskazi kwetu. Watoto wamezitengeneza kwa vijiti na karatasi, mikia ya vitambaa, na wameziwekea utepe wa kuvuma unaolia angani kama nzi wakubwa. Upande wa pili wa uzio wa hosteli moja niliwaona wanariadha wa timu fulani, miguu juu ya kuta, wamekatazwa na makocha wao kusimama juani. Walikuwa wanazitazama tiara kwa uchungu.

Jumamosi, tarehe 30 Machi, nikaenda uwanjani. Upo Queen's Park, mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji, jirani na uwanja wa kriketi. Vyote viwili ni kazi ya Wachina, na Mzanzibari aliyekulia na uwanja wa Amaan hushuka kwenye lango akijihisi nyumbani. Kuhusu ule wa kriketi, utingo wa basi lililonileta alinisimulia kisa ambacho nilikuwa nimekisoma, ila yeye alikisimulia vizuri zaidi. Mwaka 2005 Grenada iliiacha Taiwan na kurudiana na China. China ikajenga upya uwanja wa kriketi uliobomolewa na Ivan. Siku ya makabidhiano, mwezi Februari 2007, balozi wa China amesimama, wafanyakazi Wachina wamesimama, bendi ya polisi ikainua tarumbeta na kupiga wimbo wa taifa wa Taiwan. Utingo aliuimba kidogo, au alichodhani ndicho wimbo wenyewe, na basi zima likacheka kana kwamba limetokea jana.

Uwanja wa riadha unaitwa Kirani James. Alikuwa na miaka 31 wakati huo, bado anakimbia, na tayari watoto walikuwa wanakimbilia ndani ya jina lake. Mimi sipendi desturi ya kuwapa walio hai majina ya majengo. Safari hii nilinyamaza, maana kila mtoto aliyeshuka kwenye basi la timu alisimama kwanza chini ya lile jina kupigwa picha.

Timu ziliandamana kwa bendera. Jamaika, Bahamas, Trinidad na Tobago, Barbados: hawa ni wakubwa, wanatembea wakijua wanatazamwa. Halafu wanakuja wale ambao kocha, daktari na mbeba maji ni mtu mmoja. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa kwa pasi na kwa sarafu, lakini hapa kila kimoja kina fulana yake na hakuna anayeuliza. Bermuda na visiwa vya Cayman bado viko chini ya Uingereza, navyo vivyo hivyo. Nikakumbuka Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, iliyoanza Réunion mwaka 1979 na inayowakutanisha Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli na wengineo. Iliporudi Réunion mwaka 2015, Mayotte iliandamana nyuma ya bendera ya Ufaransa, na Wakomoro, wanaosema Mayotte ni yao, wakafunga virago wakaondoka. Watoto waliokuwa wamejiandaa miaka minne walirudi nyumbani bila kukimbia. Miaka minne. Neno hilo nitalirudia.

Uwanjani mimi hukaa mwanzo wa mbio, si mwisho. Mwisho unaonyeshwa na televisheni. Mwanzo wa mita 400, michujo ya wasichana chini ya miaka 17, nilikaa karibu na njia ya nane. Msichana wa timu ndogo, fulana imemzidi saizi moja, alikuwa anafunga vyuma vyake vya kuanzia. Alipima kutoka kwenye mstari kwa viatu vyake mwenyewe, kisigino kwa kidole, mara mbili, akasukuma chuma, akapima tena. Kushoto kwake msichana wa Jamaika alikwishamaliza na alikuwa ameketi juu ya kikapu cha nguo akitazama anga. Huyu wa njia ya nane akafuta viganja kwenye kaptura, akagonga mapaja, akajipiga ishara ya msalaba. Bastola ikalia. Njia ya nane unaanza mbele ya wote, humwoni mtu, unasikia tu. Kwenye kona ya pili Jamaika akampita, na mwenzake, na mwenzake. Alimaliza wa mwisho, akainama, mikono magotini. Halafu ubao ukaandika muda wake, akauona, akaruka juu na kupiga kelele, na wenzake watano au sita wakashuka ngazi mbio hadi kwenye uzio kumvuta kichwa. Alikuwa hajawahi kukimbia haraka hivyo maishani mwake. Jamaika, mshindi, alikuwa anafungua kamba za viatu. Kwake ilikuwa mchujo tu.

Mzee aliyekaa kando yangu, kofia ya majani na saa ya kupimia mkononi, hakuwa shabiki wa kawaida. Alikuwa na daftari. Niliuliza kama ni kocha. Akasema mwanawe alipita hapa, akaonwa, akapelekwa chuo kikuu Alabama, sasa ni mhandisi huko. Akanionyesha kwa kidevu wanaume na wanawake wachache waliokaa wametawanyika, fulana za vyuo vya Marekani, nao wana daftari. "Hao ndio wateja," alisema. Na ni kweli. Kirani James mwenyewe alisomea Alabama. Lindon Victor, Mgrenada wa michezo kumi, alipitia Texas. Nilimuuliza mzee kama haimuumi kuona kisiwa kinalea na wengine wanachukua. Akaniuliza wangapi katika watoto wa kwetu wanakimbia vizuri na hakuna anayewachukua. Sikuwa na hesabu ya kumpa.

Kila mgeni Karibiani huuliza kwa nini wanakimbia hivi, na kila mwenyeji ana jibu: viazi vikuu, damu, jua, nidhamu ya bibi. Nilisikiliza yote kwa heshima. Jibu langu mimi ni kalenda. Mtoto wa Grenada mwenye miaka 14 anajua kwamba kuna Intercol, mashindano ya shule za sekondari, kisha kuna mchujo wa taifa, kisha kuna Pasaka. Akishindwa mwaka huu, hangoji miaka minne: Pasaka nyingine haiko mbali. Tangu mwaka 1972 ni korona peke yake iliyoisimamisha Carifta, mwaka 2020 na 2021, na 2022 wakarudi Kingston. Hata Usain Bolt aliingia kwa mlango huo, na aliingia kwa kushindwa. Mwaka 2001, Bridgetown, akiwa na miaka 14, alipata fedha katika mita 200 na fedha katika mita 400. Mwaka 2002 na 2003 alizishinda zote mbili. Mwaka 2004, Hamilton, Bermuda, alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.93. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 duniani aliyewahi kushuka chini ya sekunde 20 kabla yake. Yule wa Bridgetown asingepewa nafasi ya kurudi mwaka uliofuata, na ule uliofuata, nani angejua?

Tanzania tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na nimeona huko watoto wanaokimbia pekupeku kwa kasi ya kutisha. Wakimaliza, wengi wao wanarudi darasani. Ni wachache tu wanaokutana na Mkenya au Mganda wa umri wao awapige na kuwafundisha kupigwa. Medali zetu za Olimpiki bado ni mbili tu, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote fedha, Moscow 1980. Jukwaani Grenada watu walikuwa bado wanazungumzia yaliyotokea mwanzoni mwa mwezi kwenye mashindano ya dunia ya ndani huko Glasgow: Julien Alfred wa St Lucia ameshinda mita 60, Thea LaFond wa Dominica, kisiwa cha watu kama elfu sabini, ameshinda mruko wa mara tatu. Ni kweli LaFond alikulia Marekani, na Alfred aliondoka St Lucia akiwa binti wa miaka 14 kwenda kusoma Jamaika. Wanaojua walilisema hilo, kisha wakaendelea kushangilia. Agosti mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Paris, jioni moja ya tarehe 3, Alfred alichukua dhahabu ya mita 100, LaFond dhahabu ya mruko wa mara tatu, na Lindon Victor shaba ya michezo kumi. Visiwa vitatu ambavyo kwa jumla havifikii idadi ya watu wa Pemba. Tanzania tulirudi mikono mitupu.

Magharibi iliingia saa kumi na mbili na robo hivi, mbio zikiendelea. Nilifuturu kwa tende za London na maji ya dafu niliyouziwa nje ya lango na kijana aliyelikata kwa panga bila kuliangalia. Usiku mwalimu mstaafu mwenye nyumba alinisubiri na sufuria. Alikwishauliza mapema kama mimi nakula nguruwe, na akatoa mkia wa chumvi akaweka samaki mkavu. Chakula chenyewe wanakiita oil down, ndicho chakula chao cha taifa: shelisheli iliyokatwa vipande vinene, majani ya magimbi, donge za unga, manjano, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na tui la nazi. Hupikwa mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini. Nilikula kijiko cha kwanza nikacheka. Akahamaki kidogo, "Kina kasoro gani, mwanangu?" Nikamwambia, Bibi, hiki ni futari. Nyumbani sasa hivi wamekaa mkekani wanakula hikihiki, shelisheli kwa tui, kasoro majani na donge. Hakuniamini. Alisema shelisheli ililetwa kwao na Waingereza kutoka bahari ya Pasifiki kuwalisha watumwa. Alikuwa sahihi, alifundisha historia miaka mingi. Nikamwambia hata kwetu haikuota yenyewe. Tukamaliza sufuria.

Siku ya pili ilikuwa ya mkuki. Mahali pengine mkuki hurushwa wakati watu wamekwenda kununua soda. Grenada ndiyo nchi pekee niliyoona watazamaji wanahama viti vya mstari wa kumalizia mbio kwenda kubanana upande wa uwanja unakotua mkuki. Sababu ni Anderson Peters. Mwaka 2016 Carifta ilifanyika uwanja huuhuu, naye akiwa chini ya miaka 20 aliurusha zaidi ya mita 78. Mwaka 2019 na 2022 akawa bingwa wa dunia, na Doha mwezi Mei 2022 alifika mita 93.07. Mkenya Julius Yego, bingwa wa dunia wa 2015 aliyejifunza kwa kutazama video za intaneti, aliishia 92.72. Nililitaja jina la Yego kwa makusudi, na watoto wawili waliosimama mbele yangu wakageuka pamoja. Walimjua. Walijua na umbali wake, na mmoja akanirekebisha sentimita mbili nilizozipunguza.

Watoto hao walikuwa wa Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada upande wa kaskazini, wamevuka kwa feri kuja kushangilia. Mmoja alikuwa na fimbo ya mwanzi na alifanya hatua za kurusha kwenye ngazi hadi askari akaja kumkataza. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo wa 2024 kimbunga Beryl kilitua juu ya Carriacou na kuangusha karibu kila paa. Nilipoona picha nilimpigia simu mwalimu. Kwake St George's palisalimika. Alisema jirani zake wanapeleka mabati, na kwamba michezo ya shule huko itabidi ingoje.

Jumatatu jioni ni ya mbio za kupokezana vijiti, na vijiti ndivyo vinavyojaza uwanja. Tangu 1985 hakuna nchi iliyoongoza kwa medali isipokuwa Jamaika, kwa hiyo mwenyeji hendi kushindana nayo kwa jumla. Anakwenda akitafuta usiku mmoja ambapo Jamaika ataangusha kijiti. Kila timu ya njano na kijani ilipofika kwenye eneo la kupokezana, uwanja mzima ulivuta pumzi kwa matumaini mabaya. Mikono ikakutana, pumzi ikatoka, watu wakapiga makofi hata hivyo, kwa sababu wanajua kazi nzuri wakiiona. Nyuma yao Wabahama, Watrinidad na Wabarbados walikuwa wanapigana hasa, mabega kwa mabega. Mbio za Carifta zilizo tamu ni za nafasi ya pili. Grenada ilipopokezana kwa usalama, bendi ya vyuma na ngoma iliyokuwa jukwaa la mashariki haikunyamaza tena mpaka taa zilipozimwa.

Jumanne uwanja wa ndege ulikuwa na visiwa vyote kwenye ukumbi mmoja. Watoto wamelala sakafuni juu ya mabegi, medali shingoni, kwani hakuna aliyekubali kuziweka kwenye mzigo. Mbele yangu kocha wa timu ndogo alisimama kaunta na bomba refu la plastiki lenye mikuki mitatu. Binti wa shirika akachukua futi ya kamba, akaipima, akasema ndege ni ndogo, haiingii. Kocha akasema ilikuja kwa ndege hiyohiyo Alhamisi. Binti akasema Alhamisi hakuwepo yeye. Msimamizi akaitwa, akaja, akapima kwa futi ileile. Watu wa foleni wakaanza kutoa ushauri: iingie chini ya viti, ikae kwa rubani, ikatwe. Kijana mmoja wa Barbados akasema waache tu mikuki hapa, Grenada itaifanyia kazi, na ukumbi ukacheka isipokuwa kocha. Aliuliza kama anaweza kuilipia ije na ndege ya kesho. Msimamizi akaandika namba kwenye bomba kwa kalamu ya wino, akamwambia asaini hapa, na hapa, na aandike anwani. Kocha akaandika, akafuta, akamuuliza msaidizi wake kama ofisi ya chama bado iko kwenye jengo lilelile. Msaidizi akasema walihamishwa Februari. Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Trinidad, na foleni nyuma yangu ilikwishaanza kubishana nani atakuwa bado na umri wa kukimbia.